Mtani Aliyevaa Koti la Marehemu

Nchi yetu ni nzuri sana, na ndiyo maana inabidi ilindwe dhidi ya watu wanaoiona kuwa nzuri. Ina mlima, ina reli inayosubiri treni, na upande wa magharibi ina mto. Ng'ambo ya mto kuna nchi nyingine, ambayo kwenye ramani zetu za shule imepakwa rangi ya kijivu na kuandikwa "Wengineo". Babu zetu walitoka huko. Lakini walivuka zamani, mto ukiwa bado haujawa mpaka, kwa hiyo wataalamu wa serikali wameeleza kwamba hawakuvuka. Walisogea.

Tuna vyama viwili, maana demokrasia kwetu imekomaa. Chama cha Mlango kinaamini kwamba wageni wasiingie. Chama cha Dirisha kinaamini kwamba wageni ni ndugu zetu, wana utu kama sisi, na wanastahili kutazamwa kwa huruma wakiwa nje. Kwa sababu ya tofauti hiyo kubwa ndoa zimevunjika, makanisa yamegawanyika, na watu wametoana meno.

Nyumbani kwetu kaka yangu mkubwa, Philemoni, alikuwa katibu wa Mlango wa wilaya. Kaka yangu wa pili, Gervas, alikuwa mwenezi wa Dirisha. Mimi, Tekla, ni kitindamimba, sikuwa na chama, na kwa hiyo nilikaa katikati. Tangu uchaguzi uliopita kaka zangu hawakusemezana. Walikuja kula kwa mama kila Jumapili kwa sababu mama alitishia kufa wasipokuja, ila maneno yao yote yalipitia kwangu, ingawa walikaa wakigusana viwiko.

"Tekla, mwambie huyo wa Dirisha anisogezee chumvi," Philemoni angesema.

"Tekla, mwambie mheshimiwa kwamba chumvi nayo ni mgeni hapa. Ilikuja na lori," Gervas angejibu.

Baba alichukua kibakuli cha chumvi akakiweka mapajani mwake, na sote tukala mboga chapwa.

*

Mzee Kabuje alikuwa mtani wa baba. Alivuka mto akiwa kijana kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha pamba. Kiwanda kilikufa, yeye akabaki, akafungua kibanda cha kushona viatu mtaani kwetu. Watu wa ng'ambo ni watani wetu tangu vita fulani ambavyo hakuna anayekumbuka nani alishinda, na kila upande unasema ni wao. Basi alikuwa na haki zake. Aliingia jikoni kwa mama bila kupiga hodi, akafunua sufuria ya kuku, akaokota firigisi kwa vidole, na mama akamfukuza kwa mwiko mpaka barabarani huku akimwita mwizi, mla nzige, mtu asiyekuwa na kwao. Yeye alimjibu huku anatafuna, kwamba kuku alikuwa mzuri ila mpishi bado anajifunza. Ilikuwa hivyo tangu nizaliwe. Nadhani mama hakuwahi kupika firigisi kwa ajili ya mtu mwingine.

Lakini kazi kubwa ya mtani ni msibani. Wafiwa wanalia, na mtu anayelia hafai kwa shughuli, kwa hiyo mtani ndiye anayechimba kaburi, anayesimamia masufuria, na anayewatania wafiwa mpaka wapate kupumua. Na kwetu kuna jambo moja zaidi. Mtani huvaa koti la marehemu. Akishalivaa, yeye ndiye marehemu. Anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anagombana na majirani zake. Anaitwa kwa jina la marehemu na haitikii jina lingine. Anatangulia mbele ya jeneza hadi makaburini, anashuka shimoni, analalamika kwamba ni padogo, kisha analivua koti, analilaza chini, na kusema, "Haya, nenda sasa." Hapo ndipo marehemu anaondoka. Kabla ya hapo hajaenda popote. Yumo ndani ya koti.

Baba alipoanza kuugua alituita sote chumbani, akasema jambo moja tu.

"Kabuje ndiye atakayenivaa. Asinivae mtu mwingine. Mtu mwingine atanifanya mwema."

Mama aliahidi. Philemoni alitazama dari. Gervas alisema, kupitia kwangu, kwamba yeye binafsi hana tatizo na mila za wageni.

*

Baba akiwa kitandani, Bunge lilipitisha Sheria ya Mlango. Sheria ilikuwa ya haki kabisa. Watu wa ng'ambo wangeruhusiwa kubaki nchini, isipokuwa wale waliokuwa wameshafika. Kabuje alikusanywa pamoja na wenzake, akapelekwa penye uzio wa seng'enge karibu na daraja, mahali palipoitwa Kituo cha Makaribisho ya Kuondoka. Juu ya lango palikuwa na maua ya plastiki.

Hapakupita muda misiba ikaanza kukwama. Watu walikufa kama kawaida, lakini watani hawakuwapo. Maiti zilisubiri. Wafiwa walilia bila kikomo, maana hakukuwa na mtu wa kuwaambia kwamba wakilia wanafanana na mbuzi. Serikali yetu ni sikivu, na harufu ilikuwa imefika ikulu, basi ikaundwa Idara ya Utani wa Taifa. Vijana raia waliajiriwa, wakapewa mafunzo na sare ya kijani. Utani wao ulipitiwa kwanza na kamati, chini ya masharti yaliyo wazi: usimguse marehemu, usiwaguse wafiwa, na usichekeshe kuliko inavyohitajika.

Chama cha Dirisha kilipinga jambo hilo kwa nguvu zote. Kilidai kwamba kamati iwe na wanawake na vijana.

Jirani yetu Mama Epifania ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kupata mtani wa serikali, kwa ajili ya mumewe, mlevi aliyependwa ambaye aliwahi kuuza mlango wa nyumba yake mwenyewe na kulala na mbwa mlangoni. Afisa alisimama kando ya kaburi, akakohoa, akasema, "Marehemu alikuwa mchapakazi." Kisha akangoja. Dereva wake akacheka, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya. Msiba ukafungwa.

Baba alisimuliwa habari hiyo. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka asubuhi ya pili, na asubuhi hiyo akafariki.

*

Mama hakulia kwanza. Alijifunga kanga kiunoni, akaenda ofisini kwa Philemoni, akakaa chini sakafuni mbele ya meza yake, na wageni wa ofisi wakalazimika kuruka miguu yake. Alimwambia nimekubeba, nimekunyonyesha, nimekunawisha, sikukuomba kitu. Nipe Kabuje siku moja.

Philemoni alisimama, kama asimamavyo anapozungumza na umma.

"Mama, dola haina mama," alisema. "Hata hivyo, chama chetu kinaheshimu mila za wananchi, hasa zile zinazokwisha siku hiyohiyo. Tutalitafakari."

Alilitafakari kwa haraka isiyo ya kawaida. Ni lazima niseme kwamba wakati ule jimbo letu lilikuwa wazi, kwa kuwa mbunge wetu, baba wa Sheria ya Mlango, alikuwa amehamia Ulaya kutafuta maisha. Philemoni alikuwa anagombea kiti hicho kwa tiketi ya Mlango. Gervas alikuwa anakigombea kwa tiketi ya Dirisha. Jioni ileile kibali kikatoka, na watu wakamsifu Philemoni kwa moyo wake wa mtoto. Hata mimi nilimshika mkono.

*

Siku ya mazishi Kabuje aliletwa na askari, kifungo kimoja cha shati hakipo, miguu imevimba. Alipofika uani alisimama akatazama umati.

"Yuko wapi yule mvivu? Nasikia safari hii ameamua kulala moja kwa moja."

Wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mikeka, waliokuwa wamelia mpaka sauti zimekauka, wakaguna, mmoja akacheka, wengine wakafuata. Kabuje hakungoja. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria. Tulisikia mwiko ukipiga mfuniko. Mama alimkimbiza uani, akimwita mwizi na mla nzige mbele ya askari na wagombea wawili wa ubunge, halafu akakaa chini na kulia kwa mara ya kwanza tangu baba afariki, huku anacheka. Kabuje alimsimamia, anatafuna.

"Shemeji, mume amekufa, bado tu hujajua kupika?"

Kisha akaletewa koti. Lilikuwa la kahawia, mfuko mmoja umeungua kwa kiko. Alilivaa polepole, mkono mmoja, halafu mwingine, na sijui namna ya kulieleza jambo hili. Mabega yake yalishuka. Shingo iliingia ndani. Akaenda kukaa kwenye kiti cha baba, akakohoa kikohozi cha baba, akanitazama kwa jicho moja kama baba alivyokuwa akifanya alipotaka chai. Niliinuka kwenda kuchemsha maji kabla sijakumbuka.

"Philemoni. Gervas. Njooni hapa," alisema.

Wakaja. Ilikuwa sauti yake, wangefanya nini? Walisimama mbele ya kiti, mmoja huku, mwingine kule, mikono nyuma, kama walipokuwa wadogo na wamevunja chungu.

"Daktari amewaambia nimekufa kwa moyo," alisema. "Hakuna cha moyo. Nimekufa kwa kukosa chumvi. Miaka yote hii nimekaa na chumvi mapajani kwa sababu nimezaa madume mawili na hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mkono wa kumpa mwenzake kibakuli. Mmoja anafunga mlango, mwingine anachungulia dirishani. Nani kati yenu amewahi kufagia nyumba?"

Uani palilipuka. Watu walicheka wakashikana. Mama Epifania alianguka kwenye mkeka. Hata askari mmoja aligeukia ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Wapiga kura wote wa mtaa wetu walikuwapo, na wote walikuwa wanawacheka wagombea wote.

Philemoni alitabasamu. Gervas naye alitabasamu. Nilipoona wanatabasamu namna moja, niliogopa.

*

Nilikwenda nyuma ya nyumba kuchukua kuni, nikawakuta wamesimama penye pipa la maji. Walikuwa wanazungumza. Hawakuwa wanaongea kupitia mtu. Nilidhani baba amefanya muujiza, nikasimama nisiwakatize.

"Mimi namkamata leo," Philemoni alikuwa akisema. "Kuna kifungu. Mgeni kujifanya raia, raia mwenyewe akiwa hana uwezo wa kupinga. Wewe unataka nini?"

"Nataka picha anaburutwa, na mimi nimenyoosha mkono namzuia."

"Usinizuie kweli."

"Sina mpango huo. Ila mburute upande wa jua. Mpiga picha wangu hana taa."

"Basi itakuwa hapa getini, kabla ya kutoka."

Niliangusha kuni. Nikawaambia wasubiri. Nikawaambia afike tu makaburini, avue koti, aseme neno lake, halafu wamfanye watakavyo. Nilisema hata kama ni kumfunga wamfunge, ila kwanza avue koti.

"Akivua koti, kosa limekwisha," Philemoni alisema, kwa upole kabisa.

"Na kaburini kuna kivuli," Gervas alisema.

Mama alitokea mlangoni wakati huo. Aliwaona wanawe wamesimama pamoja, kila mmoja anamalizia sentensi ya mwenzake. Aliinua mikono juu, akamshukuru Mungu kwamba kifo cha mumewe hakikuwa bure, na akaniagiza niwapakulie sahani moja.

*

Walimkamata getini, jeneza likiwa nyuma yake. Kabuje alikuwa ametangulia, anaburuza mguu kama baba, analalamika kwamba wabebaji wanamtikisa. Afisa wa polisi alimsimamisha akamwuliza jina mbele ya mashahidi.

"Deogratias Malindwa," alisema. Hilo lilikuwa jina la baba. "Wa hapahapa. Kama huamini, muulize mke wangu, yule pale mwenye mwiko."

Afisa alifurahi sana. Ni nadra kupata mkosaji anayekiri kwa sauti ya juu.

Wakamburuta upande wa jua. Gervas alinyoosha mkono akakunja uso. Mpiga picha alisema mkono umeziba sura ya mzee, basi askari wakaombwa wamrudishe, wakamrudisha, wakamburuta tena. Mara ya pili kiatu kimoja kilimtoka. Nilikiokota. Kilikuwa kimeshonwa vizuri kuliko cha mtu yeyote aliyekuwapo.

Jeneza lilikaa chini getini. Hakuna aliyejua lifanywe nini, kwa kuwa kwa mila zetu lilikuwa tupu. Baba alikuwa kwenye gari la polisi. Lakini Philemoni alikuwa ameona mbali, na afisa wa Idara ya Utani wa Taifa alikuwa akingoja kwenye kona na dereva wake. Tulikwenda makaburini. Afisa akakohoa.

"Marehemu alikuwa mchapakazi."

Dereva akacheka.

Wiki ile picha ilibandikwa kwenye kila ukuta wa jimbo, mara mbili. Kwenye bango la Mlango iliandikwa: "Hata msibani kwa baba yake hakulala." Kwenye bango la Dirisha iliandikwa: "Alilia. Mpe kura." Ilikuwa picha ileile. Walichangia gharama ya kuichapisha.

*

Kabuje alipelekwa darajani akavushwa. Huko ng'ambo nako wana vyama viwili, maana demokrasia imekomaa huko pia. Askari wao walimwuliza jina.

"Deogratias Malindwa."

Wakamwambia hilo ni jina la raia wa ng'ambo, yaani sisi, na kwamba hawapokei wageni. Wakamrudisha. Wetu wakamwambia amekwisha thibitishwa kuwa mgeni, kwa muhuri, na hawapokei wageni. Akakaa katikati ya daraja, mahali ambapo hakuna nchi iliyopaka rangi.

Nilimpelekea chai. Askari wa upande wetu aliniruhusu kwa sababu Philemoni ni kaka yangu. Nilimkuta ameegemea nguzo, amejifunga koti la baba mpaka kidevuni, midomo imekauka.

"Mzee Kabuje," nilimwita.

Hakugeuka. Nikamwita tena. Nikakumbuka.

"Baba."

"Naam, binti yangu. Chai hii umepika wewe, au mama yako amesuuza sufuria?"

Nilimwomba alivue. Nilimwambia alivue tu, awaambie jina lake, watu wake wa ng'ambo watamtambua, ana dada zake huko. Alikunywa kwanza.

"Nikilivua hapa, atabaki hapa," alisema, na kwa mara ya kwanza ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya chini, kama mtu anayeiba. "Unataka baba yako akae darajani maisha yote? Atawasumbua hawa askari. Utaniambia nini, nimwache mtu njiani kwa sababu ya baridi? Nifikishe pale kwenye shimo lake, Tekla. Nitalivua, nitamtukana, tutakuwa tumemaliza. Halafu wanitupe mtoni wakitaka."

Kisha akakohoa, akawa baba tena, akaniuliza kama wale madume wawili bado wanakula chapwa.

Nilikwenda kwa Philemoni. Alikuwa anapimwa suti. Aliniambia kwamba mlango ukifunguliwa hata mara moja kwa ajili ya mtu mmoja, si mlango tena, ni pazia, na yeye hawezi kugombea kwa tiketi ya pazia. Nilikwenda kwa Gervas. Alilia aliponisikiliza, alilia kweli, na akaniambia kwamba mzee yule ni alama ya mateso ya wanyonge wote, na akiondoka pale kabla ya siku ya kura yeye atawaonyesha wananchi nini?

Siku iliyofuata Dirisha walipeleka darajani ujumbe wa huruma. Walimfunika Kabuje blanketi lenye nembo ya chama, wakapiga picha, wakaondoka na blanketi, kwa kuwa lilikuwa moja na kulikuwa na wanyonge wengine wa kutembelea.

*

Philemoni alishinda uchaguzi. Gervas naye alishinda, kwa maana kaka yake alimwombea uteuzi, akawa Naibu Waziri wa Huruma ya Mipakani. Jumapili walikuja kula pamoja. Walipeana chumvi mkono kwa mkono, na mama alikuwa na furaha ambayo sikutaka kuigusa. Aliniuliza tu, kaka zangu wakiwa wanacheka sebuleni, kama Kabuje amepata chakula. Nikamwambia amepata. Mvua ilikuwa inanyesha kwa siku kadhaa bila kukoma, na askari walikuwa wamenizuia kupita.

Alikufa katika mvua hiyo. Serikali ya ng'ambo iliandika kwa lugha ya heshima kwamba raia wetu, Deogratias Malindwa, amefia kwenye daraja, na kwamba tuje tumchukue, kwa kuwa hawahifadhi maiti za wageni.

Mwanasiasa mdogo angetatizika. Philemoni hakutatizika. Jioni ileile Redio ya Taifa ilitangaza kwa muziki wa maombolezo kwamba raia mwema, mzee wa watu, amefia mikononi mwa wageni. Bendera zilishushwa nusu mlingoti. Bunge lilisimama kimya. Mwandishi mmoja wa habari aliuliza kwa adabu kama mzee huyo hakuwa amekwisha zikwa kabla ya uchaguzi. Msemaji wa serikali alimshukuru kwa swali zuri, akaeleza kwamba yale ya kwanza yalikuwa mazishi ya majaribio. Mwandishi alielewa. Siku hizi anaelewa akiwa gerezani.

Kwa hasira ya msiba huo ikapitishwa Sheria ya Udongo Safi. Tangu hapo, mwili wowote wa mgeni utakaogundulika umezikwa nchini utafukuliwa na kutupwa mtoni, na mwenye kujua asiseme atashtakiwa.

*

Basi tukazika tena. Jeneza lilikuwa la mninga, limefunikwa bendera, limebebwa na wanajeshi. Kaburi lilichimbwa kando ya lile la kwanza, ambalo serikali ilikuwa imelipandia majani. Kaka zangu walisimama pamoja, wamevaa suti za rangi moja, wote wanalia, na walilia sawasawa.

Nilimfuata Philemoni kabla jeneza halijashushwa. Nilimwambia fungua dakika moja. Fungua nimvue koti, nililaze pale kwenye majani kwa baba, basi. Sitasema kitu.

"Tekla," alisema, "jeneza la taifa halifunguliwi na familia."

Kwa hiyo koti lilikuwa linashuka na aliyelivaa, na baba ndani yake, pembeni ya baba.

Lakini kulikuwa na jambo lingine. Watu wa ng'ambo ni watani wetu, na sisi ni watani wao. Mtu wa ng'ambo akifa huku, ni sisi tunaopaswa kumcheka. Kabuje hakuwa na mwingine. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Nilikuwa na maneno juu ya miguu yake, juu ya wimbo wake mmoja aliouimba vibaya tangu nizaliwe, juu ya namna alivyoshona viatu vya mtaa mzima vikabana ili turudi kwake vipanuliwe, juu ya mwanamke wa sokoni aliyemkataa akiwa ameshikilia kuku wa posa. Yalikuwa maneno mabaya na ya kweli. Angeyapenda.

Afisa wa Utani wa Taifa alisema marehemu alikuwa mchapakazi. Dereva akacheka. Kisha afisa akauliza kama familia ina neno.

Nikatoka mbele. Kipaza sauti kiliwekwa chini ya kidevu changu. Palikuwa na wanajeshi, mawaziri, na mzee mmoja wa usalama aliyekuwa na kazi ya kusikiliza tu. Nikatazama lile sanduku. Kama ningetamka kitu kimoja kilichokuwa cha Kabuje, wimbo wake, viatu vyake, wangejua kwamba ninayemtania si Malindwa, na wangemtoa chini ya bendera na kumtupa mtoni mbele ya macho yangu. Kama nisingetamka, angekuwa amekwenda kama mbwa, hana mtani. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha mstari wa mbele. Alinitikisia kichwa, kidogo tu.

Nikafungua kinywa, nikalia.

Nililia kama binti anavyomlilia baba yake, kwa sauti, mikono kichwani, na kila aliyekuwapo aliliona hilo kuwa sawa. Wanajeshi walipiga saluti. Gervas alinikumbatia mpiga picha alipokuwa tayari. Redio ilikirudia kilio changu jioni, na tena asubuhi. Afisa wa Utani alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Aliniambia kwamba katika kazi yake hajawahi kuona raia aliyelia kwa ufasaha namna ile, na kwamba mwakani inaanzishwa Idara ya Maombolezo, na atanipendekeza.

Nilimshukuru. Nyuma yake walikuwa wameanza kufukia, na Kabuje akashuka bila mtu yeyote kumsema neno moja baya.